Aliyetaja Jina Abebe na Mtungi

Lois binti Nathanaeli, mjukuu wa mzee aliyeipandisha kengele ya kanisa kutoka Masasi hadi Newala kwa kichwa chake, binti wa mkunga aliyezalisha nusu ya Makote, yeye mwenyewe alisifika kwa shingo. Hakuna aliyepanda kutoka bondeni na mtungi uliojaa kama yeye. Enzi hizo Mwingereza angali bomani, maji yalikuwa mbali. Ukipewa kikombe unapokea kwa mikono miwili.

Ikaja habari ya bomba. Boma likataka mtu mmoja wa Makote aingie kamati ya maji, akaseme kituo kijengwe wapi. Kikijengwa kwa wakubwa, wanawake wangeendelea na bonde lao.

Karani akaeleza barazani: "Kupendekeza ni kutaja jina la mtu unayeona anafaa. Mwingine amuunge mkono. Kisha mwenyewe aulizwe kama anakubali."

Dunstan akamtaja mjomba wake. Vitalis naye mjomba wake. Kila ukoo na mjomba wake, maana nani angerudi nyumbani hakumtaja mjomba? Na hakuna aliyemuunga mkono mjomba wa mwenzake.

"Jamani," karani akafuta jasho, "Makote nzima ni wajomba tu?"

Lois akasimama. Mjomba wake, mzee Cuthbert, akaiweka kofia sawa, akingoja.

"Nampendekeza Stamili."

Watu wakacheka. "Ukoo gani huo kwako?"

"Ukoo wa njia ya maji. Tunateremka naye kila alfajiri."

"Namuunga mkono!" akapaza sauti Mabel, na wanawake wakapiga vigelegele.

"Mpwa wangu," Cuthbert akanung'unika, "na mimi je?"

"Shikamoo, mjomba. Bondeni ulishuka lini?"

"Marahaba. Mimi nakunywa tu," akasema, na mwenyewe akacheka.

Lakini Stamili akatikisa kichwa. "Siwezi. Mama yangu hatoki kitandani. Nikienda kikaoni, nani atamletea maji?"

"Aliyekutaja," Lois akasema.

Ndipo Stamili akakubali. Kituo kikajengwa pale pale njia ya bondeni inapotokea juu. Walahi, lile bomba lilikuwa na kiburi! Leo linatoa, kesho linakohoa tu, na mitungi inateremka tena. Kila siku ya kikao Lois alipanda mara mbili: mtungi wa kwa Stamili, kisha wake.

Goti lilipomkatalia, bendera ya Mwingereza ikiwa bado mlingotini, alimwita binti yake Anjelina, akamwekea ngata kichwani, akaikaza.

"Kesho Mama Mwanahawa ana kikao," akasema, yaani Stamili. "Mtungi wa kwanza ni wa kwao. Wa pili ndio wetu."