Simu ya Mama Zeeshan

Ghati hakuwa mtu wa kutulia. Hata kanisani vidole vyake vilikuwa kazini: anafunga mafundo kwenye nyuzi za mtandio, anayafungua, anafunga tena, mpaka aliyekaa jirani naye anahama benchi. Alikuwa tabibu wa zahanati ya Mwakitolyo, ameletwa mjini Shinyanga ajifunze upasuaji, na fundo ndilo lililomshinda. Mara mbili alifunga mshipa wa damu mbele ya mwalimu wake, Daktari Eustace, na mara mbili fundo likaachia.

"Ijumaa utafunga tena," daktari alimwambia. "Likiachia, rudi kwenu ukagawe vidonge."

Si kwamba Daktari Eustace hakufundisha. Alifundisha, ila mikono yake ilikuwa na haraka. "Umeona?" anauliza, kumbe ameshamaliza. Na katika kitabu cha maktaba, ukurasa wa mafundo ndio uliochanwa. Mwizi naye alikuwa na mtihani.

Basi Ghati akaenda mtaa wa Kambarage, kwenye duka la vifaa vya shule la Zeeshan, lililo mbele ya nyumba ya mama yake. Zeeshan mwaka huo wa tisini na tisa alikuwa ameunganisha kompyuta yake na intaneti kwa laini ya simu ya nyumbani. Picha za mafundo zilikuwemo. Lakini zilishuka polepole kuanzia juu: kwanza taa, halafu kofia ya mpasuaji, macho, barakoa. Zikikaribia mikono tu, Mama Zeeshan huko ukumbini anainua mkonga wa simu, na intaneti inakatika.

"Binti yangu Gulnaz yuko Mwanza, siku zake za kujifungua zimefika," mama alijitetea. "Nasikiliza kama simu ipo."

Ghati alitamani kulia. Mpasuaji yule alikwishamjua hata nyusi, ila vidole vyake hakuwahi kuviona.

Jumatano akapiga magoti kabisa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Shikamoo, Mama Zeeshan. Nakuomba, alasiri ya leo tu, usiiguse simu."

"Marahaba." Mama aliitazama simu, akaguna. "Leo tu." Akaenda uani kuchambua mchele ambao ulikwishachambuliwa.

Mikono ikashuka. Ghati akavua kamba ya kiatu, akaifunga kwenye mguu wa kiti, na kosa lake akaliona palepale: fundo la pili alikuwa akilipeleka upande uleule wa la kwanza. Kumbe ni hilo tu! Akacheka peke yake kwa furaha. Akafunga na kufungua mpaka watu wakaanza kufunga maduka.

Zeeshan alipokata intaneti, simu ikalia papo hapo. Ilikuwa Mwanza. Gulnaz alikuwa ametokwa damu nyingi, amepasuliwa; mtoto ni mzima, yeye bado hajazinduka. Alasiri nzima walikuwa wakipiga, laini imeshikwa na intaneti.

"Toka!" Mama Zeeshan alimfokea Ghati. "Toka nyumbani kwangu!"

Ghati akatoka kiatu kikimpwaya, kamba mkononi, aibu ikimtafuna.

Ijumaa akafunga. Daktari Eustace akauvuta uzi, akauvuta tena kwa nguvu. Fundo likakaa.

"Endelea," alisema, na kwake hiyo ni pongezi kubwa.

Mwingine angeshangilia. Ghati alivua glavu, akaenda moja kwa moja Kambarage kuomba radhi. Akasimama mlangoni, vidole vikisokota mtandio, asijue aanzie wapi. Mama Zeeshan alikuwa ameketi kando ya simu, macho yamevimba.

"Gulnaz amezinduka asubuhi," alisema, bila hata kungoja shikamoo. "Wanasema damu ilikuwa haikamatiki, mpaka daktari mmoja, bado mwanafunzi, akaufunga mshipa." Akavitazama vidole vya Ghati. "Sijui na huyo alijifunzia kwenye simu ya nani."

Kisha akainuka, akauchomoa waya wa simu yake ukutani, laini ibaki ya kompyuta peke yake, akamwonyesha Ghati kiti cha kompyuta.

"Kaa," alisema.