Mbegu Zilizobaki Moshini

Mwezi huu nimesoma vitabu vitatu, na kimoja kimeninyima raha. Viwili ni riwaya, na hizo nitazisema kwa kifupi. Ya kwanza ina kijana wa kamati ya kijiji asiyekosea hata mara moja. Nilimchoka kabla hajaoa. Ya pili ina mama mkwe mwenye ulimi mkali niliyempenda sana, lakini mwandishi kamuua mapema na baada yake hakuna la maana. Cha tatu ni kumbukumbu za ofisa mstaafu aliyesimamia watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Anaandika Kiswahili kitamu, hajisifu, hata nikamwamini. Kisha nikafika anaposema kwamba watu wa milimani walishuka wakiimba. Nikakifunga kitabu.

Hasemi uongo, ndugu yangu. Sisi wa milima ya Kilosa tuliimba kweli. Mwalimu alitupanga watoto juu ya lori, na kwa kuwa wengi wetu hatukuwahi kupanda gari, tuliimba mpaka makoo yakakauka. Kinachoniudhi ni kwamba sura yake inaishia pale lori linapofika.

Angemjua bibi yangu, mzaa baba, asingeishia hapo. Jiko la bibi lilikuwa kibanda cha nyasi chenye harufu ya moshi, mlenda na mboga zilizokaushwa. Juu ya meko yalining'inia mafungu ya masuke ya mtama, meusi kwa masizi. Hizo ndizo zilikuwa mbegu za ukoo mzima. Moshi uliwafukuza fukusi, na mwiko wake ulijulikana na kila mtoto: mbegu haishushwi kabla mvua ya kwanza haijalowesha ardhi. Anayeishusha wakati wa kiangazi anaita njaa nyumbani. Bibi alizoea kusema kwamba tumbo linaweza kusubiri, mbegu haisubiri.

Tulihamishwa kiangazi. Baba alimbembeleza mama yake ashushe mbegu, akamwambia serikali haina habari na mwiko. Bibi alikataa. Alipanga kurudi mvua ikinyesha, kama mtu anayerudi kuchukua mtoto aliyemwacha kwa jirani. Asubuhi ile akasukuma gogo kubwa mekoni, akalifukia nusu kwa majivu ili lifuke polepole, mbegu zisikose moshi.

Kijana wa mgambo alikuja na adabu zake zote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Kuna kitu chako kimebaki ndani?"

"Vyangu vyote vimetoka. Vilivyobaki ni vya mvua."

Kijana hakuwa wa kwetu. Nadhani aliona ni maneno ya uzee tu. Akamshika mkono, akampandisha kwenye lori taratibu, akamtandikia gunia akalie. Sisi tukaanza kuimba. Tulipofika kwenye kona ya mlima niliona moshi mzito ukipanda kutoka kwetu, nikamwambia bibi kwamba gogo lake linafuka vizuri. Aliniitikia kwa kichwa, ameridhika.

Mvua ya kwanza ilitukuta bondeni, upande wa Msowero, kwenye mistari ya vibanda vilivyotazamana. Bibi akanichukua, tukapanda mlima na ungo mpya aliousuka kwa ajili ya kazi hiyo. Tukakuta kuta nyeusi. Nyumba zote zilikuwa zimechomwa ili watu wasirudi. Bibi aliingia pale palipokuwa jiko, akachakura majivu yaliyolowa kwa vidole, akapata punje chache, akazitafuna. Zilikuwa makaa. Hakulia. Mimi nililia kwa kumwogopa.

Mahindi ya mbegu yaliyoahidiwa yalifika mvua imeshapita. Njaa ya mwaka ule siwezi kuisimulia vizuri. Nakumbuka uji mwepesi wa pumba, na bibi akisukuma bakuli lake upande wetu, akidai tumbo lake linajua kusubiri. Hakuuona msimu uliofuata.

Ofisa wetu ameandika kwamba baadaye watu walizoea. Ni kweli, tulizoea. Shule ilijengwa karibu, nikasoma, ndiyo maana leo nina macho ya kumkosoa. Mtama ule nimeutafuta mpaka magengeni Dumila. Wananionyesha mtama mweupe, mzuri, usio wetu. Hata ladha yake imenitoka, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kusema.

Kwetu, mzee aliyelima maisha yake yote alizikwa na mbegu zake mkononi, akaanze nazo huko aendako. Mwanawe wa kwanza ndiye aliyemtilia. Siku ya bibi, baba alishuka kaburini, akaukunjua mkono wa mama yake, akaushikilia hivyo kwa muda mrefu. Kisha akamkunja vidole, kimoja kimoja, juu ya kiganja kitupu.