Jina la Jalalani

Siku saba za kwanza binti yangu aliitwa mugeni. Ndivyo ilivyo katika nyumba za Waislamu hapa Kasongo: mtoto hana jina mpaka anyolewe na mbuzi achinjwe. "Mugeni amelala?" "Mugeni amenyonya?" Lakini jina lilikuwa limeshapikwa jikoni. Nililisikia nikiwa nimelala na mtoto kifuani, ukuta mmoja tu kati yetu na wao.

"Utatangaza lile," mama mkwe alimwambia wifi yangu. "Mwenyewe atajua anaambiwa nani."

Kwa Kibangubangu ni jina tamu mdomoni. Maana yake: tumeokota nini hiki? Nilikuwa naambiwa mimi. Wazazi wangu walifika Salamabila kutafuta dhahabu, kila mmoja kutoka kwao, na huku hakuna anayejua ukoo wangu. Mtu wa kuokotwa.

Majina ya kurushiana maneno nayajua kuliko wao, maana ninalo. Bibi yangu aligombana na mke mwenzake, mimi nikazaliwa katikati ya ugomvi, nikapewa jina linalosema: waseme mpaka wachoke. Wote wawili wameshakufa. Ugomvi nimebaki nao mimi. Shuleni mwalimu akiniita, nyuma ya darasa wanadakia: "Na sisi hatujachoka!" Miaka yote ya sekondari. Wakubwa hawarushi mawe yao wenyewe. Wanamfunga nayo mtoto mgongoni, halafu wanasema ni mila.

"Ongea na mama yako," nilimwambia mume wangu.

"Ni jina tu. Utalizoea."

"Lako wewe ni la nani?"

"La babu."

"Ulipewa jina la mtu, si la matusi. Basi nyamaza."

Akanyamaza kweli. Hiyo ndiyo kazi anayoiweza.

Siku ya saba uwanja ulijaa watu. Mtoto akanyolewa. Mzee wa msikiti akamwinamia, akauliza: "Mutoto iko na jina gani?" Wifi akafungua mdomo. Nikamuwahi.

Nikatamka jina la mama mkwe.

Huku mke hamtaji mama mkwe wake kwa jina, hata akiwa kaburini. Wanawake wakapiga kelele. "Eeeh! Huyu amerogwa?" "Anatamka jina la mukwe kama anauza mihogo!" Lakini mzee alikuwa ameshalisoma sikioni mwa mtoto, na jina likiingia sikioni halitolewi. Vijana wakacheka, kwa sababu lina sura mbaya: maana yake ni jalala, mahali pa kutupa uchafu.

Jioni mama mkwe akaingia na maji ya moto ya kumuosha mtoto.

"Unajua kwa nini niliitwa hivyo?"

"Hapana, mama."

"Mama yangu alizika wote walionitangulia. Mimi wakanipeleka jalalani, wakanilaza pale juu ya maganda. Shangazi akapita, akajifanya ameniokota. Ili kifo kisinitake."

Nikafikiri: jina baya kama lile lilitolewa na mwanamke aliyetetemeka kwa mapenzi, na lile tamu lilitoka kwenye chuki. Lakini mdomo wangu haukusema hayo.

"Kumbe na wewe ni wa kuokotwa."

Akanitazama kwa ukali. Kisha akacheka kwa pua, akaendelea kumuosha mtoto.

Sijamsamehe. Yeye humwita mtoto "somo wangu", humpa nyama kabla ya wengine, na hakuna anayethubutu kumcheka. Aliyelipa ni mimi: siruhusiwi kutamka jina la mwanangu mwenyewe. Namwita "mama", kama wanavyofanya wake wote ambao watoto wao wamepewa majina ya mama wakwe. Uwanja una "mama" kumi.

Juzi mtoto, ambaye sasa anakimbia, aliniponyoka kuelekea barabarani. Pikipiki ya kutoka Wamaza inakuja, imebeba magunia. "Mama! Mama!" Hakugeuka. Nikaliita kwa kelele lile jina lake, mara mbili.

Mtoto akasimama. Pikipiki ikapita.

"Abee!" likaja jibu kutoka jikoni. Mama mkwe akatoka, mikono imejaa unga. Nikamshika mtoto, nikangoja maneno.

"Nimemwita mutoto," nikasema.

"Nimesikia." Akapangusa mikono. "Kila siku umwite hivyo. 'Mama, mama'... atajuaje ni yeye?"

Akarudi jikoni. Nikamgeuza mtoto anitazame, nikalitamka tena, polepole.