Mashine ya Kung'arisha na Kifua cha Saidi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile mama yangu alipotutembelea Ambanoro, hapa kisiwani Nosy Be, akakaa akimsikiliza mume wangu Saidi akikohoa. Saidi alitengeneza bawaba za shaba za madirisha, na kila moja aliing'arisha kwa msasa mpaka vumbi likambadilisha ndevu rangi. Alikuwa bado kijana, lakini kikohozi kilikuwa cha mzee.

Mama hakumwambia yeye. Aliniambia mimi, kwa Kikomoro chake kisicho na sukari: "Nyumba nilikupa mimi. Sikukupa kaburi."

Desturi yetu unaijua: nyumba ni ya mwanamke. Karakana ilikuwa ndani ya nyumba yangu, basi na vumbi lile lilikuwa langu. Niliogopa, maana nilimpenda yule mtu, na bado nampenda ingawa anakoroma.

Tukasikia kwamba ng'ambo, mjini Mahajanga, mtaa wa Mangarivotra, kuna mfanyabiashara anauza mashine za kutikisa: beseni lenye mota chini yake, unatia vyuma na vijiwe, vinasuguana vyenyewe. Tukaenda. Nilibeba kikapu cha bawaba zetu, na Saidi akanicheka njia nzima, akiuliza kama nakwenda kununua au kuuza.

Mashine zilikuwa mbili. Kubwa ilitumia vijiwe vidogo vya mviringo, vikavu. Ndogo ilitumia vijiwe vikubwa vya pembe tatu pamoja na maji ya sabuni. Saidi aliipenda kubwa hata kabla haijawashwa. Mfanyabiashara akamwambia kwa Kimalagasi, "Hii ndiyo ya fundi mwanamume."

Saidi akainua mabega. "Nyumba ni yake. Muulize yeye."

Nikatia bawaba zangu nusu huku, nusu kule. Wakaniita tukanywe chai, sikuondoka. Jioni tukazitoa. Za mashine kubwa ziling'aa, ungeweza kujiangalia meno, lakini kila tundu la skrubu lilikuwa limemeza kijiwe, na vumbi lililopanda lilimkohoza Saidi mpaka akashika ukuta. Za mashine ndogo hazikung'aa sana. Zilikuwa safi, matundu wazi, na uchafu wote umebaki majini.

"Tunachukua ndogo," nikasema.

"Utajuta, mama," akasema mfanyabiashara.

"Nitajuta nikiwa na mume."

Saidi alininunia mpaka tukafika Nosy Be. Kikohozi kilipungua taratibu, kisha kikamwacha. Mama alipokuja tena alikaa, akasikiliza kwa muda mrefu, halafu akaomba chai.

Sasa na wewe unakwenda kununua mashine ya kwako. Usibabaishwe na ukubwa, wala na mng'ao wa vyuma vya muuzaji. Beba kazi yako mwenyewe, itie humo, ukae uisubiri. Kagua matundu. Sikiliza kama vyuma vinagongana, maana vikigongana vinachubuana. Na uulize uchafu unakwenda wapi. Usipobaki majini, utaingia kifuani mwa mtu, na mtu huyo ana watu wake nyumbani.

Mungu akupe kazi njema na pumzi ya kuifaidi. Na alfajiri ukisikia adhana ya msikiti wetu, ile sauti ndefu isiyokatika, ujue ndicho kifua kile cha Saidi.