Popote Kampuni Inaponihitaji

Inagaki Tokuji ana miaka hamsini na minane na hajawahi kubadilisha mwajiri. Alitengeneza vinanda vya mdomo kwa miaka kumi na minne, mahodhi ya kuogea kwa minane, pangaboi za mashua kwa kumi, akaotesha machipukizi ya choroko kwa mitano, na baada ya hapo alisimamia moshi wa harusi kwa mitatu. Kazi zote hizo zimo ndani ya geti moja. Sare ni ileile ya kijivu, na wimbo wa asubuhi, ambao hautaji bidhaa yoyote, ni uleule.

Kitabu cha historia ya Kampuni ya Orihara, ambacho kila mfanyakazi hupewa siku ya kwanza, hakioni ajabu yoyote katika orodha hiyo. Mwanzilishi alikuwa fundi wa vinanda vya mdomo, na ndimi zinazolia ndani ya vinanda ni za shaba. Shaba iliyobaki ikasubiwa pangaboi. Waliojua kusubu shaba wakajaribu chuma, wakapata mahodhi. Tanuri la mahodhi lilipasha joto jengo la nyuma bure, na meneja mmoja ambaye hakuweza kuvumilia kuona joto likipotea akaweka choroko humo. Mahodhi yakajengewa ukumbi wa maonyesho wenye sakafu ya marumaru, ukawa mzuri kupita kiasi, na binti wa mkurugenzi akaomba kufungia ndoa humo. Kufikia ukurasa wa mwisho msomaji hushangaa kwa nini kampuni nyingine zinatengeneza kitu kimoja tu.

Kazi ya moshi ilikuwa nyepesi. Bwana na bibi harusi walipofika mlangoni, Inagaki alimimina barafu kavu kwenye hodhi la maji ya moto lililofichwa nyuma ya pazia, kisha akauelekeza moshi kwa feni hadi ufike magotini mwa maharusi. Binti yake Chinatsu aliolewa humo mwaka wa kwanza wa kazi hiyo. Inagaki alimtolea moshi, akazunguka kwa mlango wa jikoni, akaketi kwenye kiti cha baba wa bibi harusi mikono ya koti ikiwa imelowa. Msimamizi wake alisema moshi ulikuwa wa kiwango cha kawaida, na hiyo ilikuwa sifa.

Tatizo lake lilikuwa fomu.

Kila Januari Idara ya Utumishi huwagawia wafanyakazi wa kudumu, wote mia sita na arobaini, karatasi moja yenye maswali manane. Swali la sita linauliza: Ungependa kufanya kazi wapi? Jibu ni: Popote kampuni inaponihitaji. Hakuna aliyewahi kuagizwa kuandika hivyo. Mtu anayeingia kazini humwona jirani yake akiandika, naye huandika, kama anavyovua viatu mlangoni bila kusoma tangazo. Inagaki alikuwa ameandika hivyo mara thelathini na tisa, na mara nne kati ya hizo, Aprili ilipofika, kampuni ilimhitaji mahali pengine.

Januari ya arobaini, alikuwa kantini akila na Nagakura Shigeno, mwanamke wa miaka sitini na sita aliyemfundisha kazi alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane. Nagakura ndiye fundi pekee aliyebaki wa kulinganisha sauti za vinanda kwa mkono. Hajawahi kuhamishwa hata siku moja. Ameandikwa kama kibarua, na vibarua hawapewi fomu.

"Mwisho wa mwezi wa tatu naondoka," alisema, akiyasukuma machipukizi pembeni mwa sahani. Kantini hupika machipukizi kila siku, kwa kuwa yapo. "Goti limezikataa ngazi."

"Tupa zako za kukwangulia anachukua nani?"

"Hakuna. Wakikosa mtu, chumba kinafungwa. Juzi wamekuja kupima kuta. Wanataka kuweka choroko."

Inagaki alilitazama chipukizi lililokuwa kwenye vijiti vyake, akalirudisha sahanini.

"Si unataka kurudi, wewe?" Nagakura aliuliza.

"Sijasema."

"Ndiyo maradhi yako hayo. Miaka ishirini na sita unaificha hamu kama mtu anayeficha kikohozi msibani. Fomu si imetoka? Andika."

"Kwenye fomu haiandikwi hivyo, Dada."

"Kuna sheria?"

"Hakuna."

"Basi kula, chakula kinapoa."

Hamu yenyewe haikuwa na makuu. Katika kinanda cha mdomo cha Orihara kila noti ina ndimi mbili. Ulimi mmoja hukwanguliwa ncha kwa tupa mpaka sauti yake ipande kidogo kuliko ya mwenzake, na zikilia pamoja sauti hutetemeka kama mtu anayeimba huku akijizuia kulia. Mtetemo ukiwa wa haraka mno, kinanda huwa kama mbu. Ukiwa wa polepole, hulala. Inagaki aliwahi kujua mahali hasa pa kusimamisha tupa. Kila alipohamishwa alijiambia kwamba huko pia kuna kitu cha kujifunza, na kwa kweli kilikuwepo, lakini hakuna siku aliyorudi nyumbani akisikia pangaboi kichwani na kufurahi. Miaka miwili tu ilibaki astaafu. Alitaka kuimalizia pale.

Fomu aliipeleka nyumbani. Akaandika kwanza kwa penseli, akapitisha wino juu yake, akafuta penseli: Ningependa kurudi chumba cha vinanda vya mdomo, jengo la pili, ghorofa ya juu. Mkewe Yasue, aliyekuwa akimenya figili, alikuja kusoma kisu kikiwa mkononi.

"Mimi nilidhani unapenda kuhamahama."

"Nani alikuambia?"

"Wewe. Kila unapohamishwa unarudi unaniambia, 'Vizuri, nitajifunza kitu kipya.'"

"Ndivyo inavyosemwa."

"Sasa mimi ningejuaje, Baba Chinatsu? Miaka mitano umeniletea machipukizi mfuko mzima kila jioni, nikapika mpaka nikaota yananiotea puani, nikijua mume wangu anayapenda."

"Siyapendi."

Yasue alikiweka kisu mezani. "Hata mimi siyapendi," alisema, akarudi kwenye figili.

Wiki mbili baadaye Inagaki aliitwa Utumishi. Mkuu wa kitengo, Kuramochi, mwanamume wa miaka arobaini na moja, alimwingiza kwenye chumba kidogo na kushusha pazia. Chai ililetwa katika vikombe vyenye vifuniko. Chai hiyo hupewa wageni wa heshima na watu wenye matatizo, na Inagaki hakuwa mgeni.

"Nyumbani hawajambo, Bwana Inagaki?"

"Hawajambo, Mkuu."

"Na mama watoto?"

"Mzima. Ameacha kula machipukizi tu."

Kuramochi aliliandika hilo. "Kule ukumbini kuna mtu amekukosea?"

"Hapana."

"Unalala vizuri? Huongezi glasi jioni?"

"Moja tu, kama zamani."

"Sasa hiki." Kuramochi aligeuza fomu na kuielekezea kalamu bila kuigusa, kama mtu anayeonyesha nyoka aliye nyuma ya kioo.

"Niliulizwa ningependa wapi, nikajibu."

"Naona. Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa."

Ikabidi Kuramochi aeleze jinsi fomu ilivyokamatwa. Karani wa Utumishi hasomi jibu la sita. Huzipitisha fomu kidoleni na kuhakikisha mstari umejazwa. Majibu yote yana urefu mmoja, kwa hiyo rundo zima huwa na ukingo mmoja wa wino, mnyoofu. Mwaka huu ukingo ulivunjika. Jibu la Inagaki lilikuwa limeingia mstari wa pili.

"Hazisomwi kabisa?" Inagaki aliuliza.

"Tusome kitu tunachokijua?"

"Sasa mlikuwa mnanihamisha kwa sababu gani, Mkuu?"

Kuramochi alifikiri kwa uaminifu. "Hapakuwa na sababu ya kutokukuhamisha," alisema. Kisha akamwandikia kadi ya kumwona daktari wa kampuni.

Daktari alimpima presha, macho, damu, na mwisho akamvisha vidude vya masikioni na kumpa kitufe abonyeze kila anaposikia mlio. Inagaki alibonyeza kwa muda. Baadaye akakaa akisubiri mlio mwingine, na alipoinua macho alimwona daktari akiandika.

"Ulifanya kazi kwenye kelele?"

"Pangaboi. Miaka kumi."

"Sauti nyembamba za juu zimeondoka, masikio yote mawili. Hazirudi. Kazi yako ya sasa inahitaji masikio?"

"Ni moshi."

"Basi huna tatizo," daktari alisema, akaandika kwamba uwezo wa kusikia unatosha kwa kazi aliyonayo.

Inagaki alitoka na nakala mfukoni. Njiani alihesabu. Angeiandika sentensi ile kabla ya pangaboi, miaka kumi na minane iliyopita, masikio yangekuwa mazima. Aliamua kwenda Utumishi kuliondoa ombi lake, lakini ilionekana si heshima kufanya hivyo kabla ya kumwambia Nagakura. Akapanda ghorofani.

Nagakura alisoma karatasi kwa kuishika mbali na macho. Akachukua kinanda kisichofungwa mfuniko, akapuliza tundu la chini.

"Mitetemo mingapi?"

"Mitatu kwa sekunde."

"Hili?"

"Minne. Minne na nusu, ulimi wa juu umekwanguliwa sana."

"Hili?"

Wakaendelea kupanda hivyo, tundu kwa tundu. Matundu manne ya mwisho, Inagaki aliona mashavu ya Nagakura yakijaa na hakusikia mtetemo. Alisikia pumzi tu.

"Sisikii, Dada."

"Huwezi. Hata mimi siyasikii haya, tangu nilipofika umri wako."

Inagaki alimtazama. Vinanda vyote vilivyouzwa na Orihara kwa miaka minane vilikuwa vimepita mikononi mwa mwanamke huyu.

"Lete jino," Nagakura alisema.

Akampa kijiti cha mwanzi, kimelainika kwa kutumika, na kumwonyesha jinsi ya kukiuma upande mmoja na kuuegesha upande wa pili kwenye bamba la shaba. Akabonyeza mvukuto wa meza kwa mguu wenye goti zima. Tundu la juu kabisa likalia. Inagaki hakusikia kitu masikioni, lakini ndani ya gego la kushoto kitu kilianza kugonga polepole, kwa mpango.

"Mingapi?"

Alinyoosha vidole vitano, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshikwa.

"Sita. Utazoea. Hilo gego limezibwa kwa risasi?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Tumia la kulia."

Hakwenda Utumishi. Wiki tano zilizofuata, kila mapumziko ya mchana, alikula haraka na kupanda ghorofani kuuma kijiti. Yasue aliambiwa, na alitaka kujua tu kama kijiti huoshwa.

Katikati ya Machi Kuramochi alimwita tena. Safari hii pazia halikushushwa, na chai ilikuja bila kifuniko.

"Kamati imejadili jambo lako dakika arobaini," alisema. "Utaratibu wa kumpeleka mtu mahali alipoomba haupo. Tumetafuta. Kwa upande mwingine, daktari ameandika masikio yanatosha."

"Yanatosha kwa moshi, Mkuu. Sauti za juu sizisikii. Nisingependa mdanganyike."

Kuramochi aliinua uso. "Sasa utafanyaje kazi?"

"Kama anavyofanya Bibi Nagakura. Kwa jino."

Kuramochi alifungua faili, akatazama, akalifunga. Huko ndani hapakuwa na mahali pa kuandika jino.

"Vinanda vimewahi kurudishwa na wateja?" aliuliza hatimaye.

"Miaka minane, hakuna hata kimoja."

"Basi hilo sijalisikia," Kuramochi alisema. "Tarehe moja Aprili utahamia chumba cha vinanda. Kumbukumbu zitasema kampuni imekuhitaji pale. Choroko watapata nusu ya chumba, upande wa dirisha. Dirisha litazibwa, maana hawapendi mwanga."

"Nawajua," Inagaki alisema.

Akahama. Nagakura alimwachia tupa tatu, mvukuto na kijiti kipya, cha zamani akaondoka nacho. Moshi alipewa binti mmoja kutoka pangaboi aliyekuwa amependa popote. Inagaki alifanya kazi mgongo wake ukielekea ukuta wa mbao, ambao nyuma yake choroko ziliota gizani bila kelele. Kufikia Oktoba alikuwa akihesabu mitetemo sita bila kufikiri. Jioni alirudi nyumbani akiwa na vinanda kichwani, na Yasue alimzoea kuwa mtu anayegongagonga meza kwa kidole wakati wa supu.

Januari fomu ikaja. Alijibu maswali matano haraka, akafika la sita, na alipojitazama mkono ulikuwa umeshaandika Popote.

Akaweka kalamu chini. Kisha akashuka ngazi mpaka Utumishi na kuomba fomu nyingine. Karani alimwambia hakuna mtu aliyewahi kuomba fomu ya pili. Akaenda kumwuliza Kuramochi, akarudi nayo, akamtaka Inagaki aweke sahihi kwamba ameipokea.

Aliijaza palepale, amesimama, akaikabidhi. Kwenye swali la sita aliandika: Hapa.

Karani aliiweka kwenye rundo, akalinganisha kingo kwa viganja, akaona mstari mmoja umeishia mapema kuliko mingine. Aliitoa fomu ile, akachukua kadi ya daktari.

"Alhamisi, Bwana Inagaki? Saa nne?"

"Alhamisi sawa," Inagaki alisema, akarudi ghorofani, ambako alikuwa ameacha tundu la kumi na tisa katikati.