Kiwanda cha Mawese Kilichogeuka Wodi ya Wazazi

Tabibu wa Rusimbi amefariki, wasomaji wangu. Habari ilinikuta Mwandiga nikisimamia upauaji wa nyumba, na fundi aliyeniletea alisema, "Injinia, yule mzee aliyejenga kituo cha afya kwenye kile kiwanda cha mawese hatunaye." Nikasema Mungu amlaze pema. Kisha nikamuuliza ni nani aliyemwambia kwamba marehemu alijenga kitu. Msiba ni msiba, lakini kituo kile nilikijenga mimi, na baada ya mazishi kamati ya kituo ilikuwa ikae kuamua jina la nani liandikwe getini.

Wanaonisoma wanajua nilikotoka. Nilichuuza dagaa Kibirizi, nikajisomesha, nikarudi kutoka ughaibuni na stashahada ya ujenzi wakati wenye nayo hapa Kigoma hawakutosha kujaza benchi moja. Ilikuwa miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakimiminika. Zahanati zilizidiwa, wajawazito wakalala sakafuni, wenyeji kwa wageni. Wakubwa wakaamua kiwanda kilichokufa kigeuzwe kituo cha afya, kazi nikapewa mimi. Nilibomoa sakafu yote iliyokunywa mafuta miaka na miaka, nikamwaga mpya. Nilitoboa madirisha kwenye kuta ambazo hazijawahi kupitisha jua. Palipokuwa na matangi ya kuchemshia chikichi nikaweka chumba cha kujifungulia, chenye maji ya bomba na mfereji ambao haujaziba mpaka leo. Nendeni mkakague.

Tukafungua, akina mama hawakuja. "Mtoto azaliwe walipokuwa wanachemsha mawese? Si atatoka amekaangwa!" walicheka wanawake wa Rusimbi, na wale wa Burundi wakasikia, nao wakagoma. Niliwaeleza habari za sakafu na madirisha mpaka koo likakauka. Bibi mmoja akanikatiza: "Mwanangu, na wako atazaliwa wapi?" Mke wangu alikuwa mjamzito, na nilikwisha kumpangia hospitali kubwa ya mjini. Nikasema hivyo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Kicheko kilichofuata nakisikia hadi leo.

Tabibu, aliyeletwa kukiendesha kituo, alikuwa amesimama pale pale akisikia yote. Juma lile lile mkewe alishikwa na uchungu. Akamleta kwa miguu, amemshika mkono, mchana kweupe, wakikatisha sokoni, na wanawake wakawafuata hadi mlangoni. Ndani ya chumba changu, juu ya sakafu yangu, akazaliwa binti. Desturi haitaki kichanga kionyeshwe watu mapema, lakini tabibu alisimama kizingitini amembeba. "Haya, mama zangu, mnuseni. Ananuka mawese?" Mama mmoja wa Burundi akasogea, akanusa utosi wa mtoto, akasema, "Amahoro," yaani amani kwa Kirundi. Kesho yake alikuja mwenyewe na uchungu wake, na wengine nyuma yake. Hakuna hata mmoja aliyetazama dirisha.

Nilimwonea wivu siku ile, na miaka haikuupunguza. Watu wakawa wanasema, "Naenda kwa Tabibu." Sijasikia mtu akisema anaenda kwa Injinia. Hata matangani, mama mmoja aliponiona nimeinama alinipa pole, akaniuliza, "Kwani na wewe ulikuwa unamjua?" Nikamwambia mimi ndiye niliyejenga kituo. "Aa baba," akasema kwa huruma, "basi alikuajiri yeye."

Kamati ilipokaa, mwenyekiti alinigeukia kwanza. "Injinia, wewe unasema tuandike jina la nani?" Nilikuwa na hoja zangu, na kila moja ilikuwa ya kweli. Lakini nilimtazama karani aliyekuwa akiandika: alizaliwa mle ndani, na mdogo wake pia. Nikataja jina la tabibu. Roho iliniuma nilipolitaja, na bado inaniuma. Ila nanyi vijana mnaorudi nyumbani na vyeti vyenu, lishikeni hili: ukijengea watu nyumba ya kuwatibu, mgonjwa wa kwanza kuingia na awe wako.