Kitambaa cha Vita na Sare ya Arobaini

Robota la mitumba likikatwa utepe, kinachotoka kwanza si nguo, ni harufu. Dawa ya nondo, vumbi, unyevunyevu wa kabati la mtu usiyemjua, na kwa mbali kama sabuni iliyokaa miaka. Wenzangu hapa Kariakoo hawaisikii tena. Robota likifunguka wao wanarukia chaguo la kwanza, viwiko vinatembea. Mimi nasimama kidogo. Watu wanadhani nina pumu. Sina pumu. Nina nyumba iliyouzwa.

Ilikuwa nyumba ya bibi yangu, mama yake mama, upande wa Mchafukoge unaoelekea sokoni. Nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa zote wakati ule: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani bomba na mpapai usiozaa. Tulikaa bibi, mama na mimi, vyumba vingine wapangaji. Bibi alizaa watatu tu waliokua: mama mkubwa Hadija, mjomba Shomari, na mama yangu, Tatu. Baba yangu simzungumzii, na yeye hakupata kunizungumzia.

Ulikuwa wakati wa ruksa. Nyie mliozaliwa juzi hamuwezi kujua ilivyokuwa. Jana yake watu wanapanga foleni duka la kaya wapate kanga moja, wakiikosa wanarudi na mche wa sabuni. Kesho yake maduka yamejaa, na mitumba, ambayo mtu alikuwa akivaa anasema ameletewa na ndugu yake, inatundikwa barabarani Msimbazi mchana kweupe. Mama akaingia kwenye biashara hiyo.

Siku moja kwenye robota la mashuka na mapazia kilitoka kitambaa kizito, kimechapwa picha ya vita. Hakuna mteja aliyekitaka. "Nani atalalia watu wanauana?" mama akasema, akakitundika mlangoni kwetu kiwe pazia. Basi mimi kila asubuhi nikifumbua macho, vita hiyo hapo. Watu wamepangwa kwa visanduku, wamebanana kama njiti za kiberiti. Farasi huku, farasi kule. Upande wa juu jeshi, upande wa chini jeshi, wanatazamana, na katikati uwanja mtupu. Nilikitazama mpaka kichwa kinauma, nikitafuta wabaya ni wapi. Sikuwaona. Wote walikuwa na kofia zilezile, viatu vilevile, hata ndevu.

Nikakichomoa mlangoni, nikampelekea Babu Kanti. Huyu alikuwa mzee wa Kihindi aliyekaa ghorofa ya kwanza ng'ambo ya barabara yetu, juu ya duka la mwanawe. Alikuwa anajua Kiingereza na alikuwa hana la kufanya.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Leo unaniuzia pazia?"

Akavaa miwani, akasoma maandishi ya pembeni huku mdomo unacheza. Akasema hii ni vita ya zamani sana, Waingereza wenyewe kwa wenyewe. Upande huu mfalme, upande huu bunge.

"Bunge lina farasi?" nikamuuliza. Mimi bunge nililijua la kwenye redio, watu wanapiga makofi.

"Wakati ule lilikuwa nao. Tazama." Akaniwekea kidole. Katikati wanakaa wa miguu. Hawa wenye mikuki mirefu kuliko mlingoti wanasimama pamoja kisanduku kimoja, na pembeni yao wenye bunduki. Bunduki za siku hizo zilikuwa zinachelewa kujazwa, ukishapiga mara moja farasi ameshakufikia, kwa hiyo wa mikuki wanamlinda wa bunduki. Farasi wanakaa mabawani, kulia na kushoto. Nyuma kuna kundi linangoja, haliguswi mpaka mambo yaharibike. Na nyuma kabisa mikokoteni yenye vyakula na mali.

"Na wa upande ule wamepangwaje?"

"Hivyohivyo."

"Sasa wanajuanaje?"

Hapo Babu Kanti akacheka. Akasema hawakuwa na sare kama askari wa leo. Wengine walijifunga mshipi mwekundu, wengine wa rangi ya chungwa. Saa nyingine ni karatasi kwenye kofia, au jani bichi. Ndio alama, basi. Na wapo waliookota mshipi wa adui, wakauvaa, wakapita katikati ya jeshi lake wakisalimiwa.

"Na hawa farasi," akagonga bawa la kulia, "kazi yao kuvunja farasi wenzao, halafu warudi wasaidie katikati. Mara nyingi hawarudi. Wakishashinda wanaona mikokoteni kule nyuma, wanakwenda kupora. Wakigeuka, vita imeshaisha."

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyokwenda. Nilitaka kuambiwa wabaya ni wepi, nikaambiwa ni hivyohivyo.

Bibi alifariki masika ya mwaka huo. Hata tanga halijaanuliwa, watu wakaanza kuipima nyumba kwa macho. Kiwanja cha hatua chache kutoka sokoni, wakati wa ruksa, nyie hesabuni wenyewe. Tajiri aliyekitaka aliitwa Fikiri. Nataja jina maana yeye hakuona haya kulitaja letu. Alitaka kupandisha ghorofa.

Mama alikataa. Hakuwa na kwingine kwa kwenda, biashara yake ilikuwa mlangoni. Mama mkubwa Hadija alikataa, kwa kelele. Na mjomba Shomari, sikilizeni vizuri, naye alikataa. Alisimama barazani watu wote wanasikia, akajipiga kifua: "Nyumba ya mama yangu haiuzwi, labda mnizike mimi kwanza!" Mama akalia kwa furaha. Akaniambia, "Unamwona mjomba wako? Yule ndiye mwanamume."

Aliyesemwa kwamba anataka kuuza ni mkewe, Mwajuma. Kwa hiyo mimi nikampanga Mwajuma jeshi la juu, sisi wengine la chini, nikaona sasa naelewa.

Siku ya arobaini ilipokaribia, mjomba alikuja amebeba kifurushi. Doti za kanga, za kijani na nyeupe, mpya, bado zinanuka wanga wa dukani. Akagawa kwa kila mwanamke wa ukoo. "Tumsomee mama hitima tumependeza, tuonekane ni kitu kimoja." Mama alizikunjua, akazinusa, akazilaza kifuani. Kwetu sare ni heshima. Hujavaa, umejitenga, watu watauliza umegombana na nani. Nani angeikataa sare ya mama yake mzazi?

Siku yenyewe uani pilau linatoa moshi, barazani wanaume na ubani. Fikiri alikuja na miwani myeusi, akapewa kiti wakati wenzake wako mkekani. Pembeni yake Mzee Kondo, mjumbe wetu wa nyumba kumi, ambaye siku hizo alikuwa amenawiri ghafla. Mimi nikakaa kwenye kizingiti cha ukumbi, niwaone wa mbele na wa nyuma, nikaanza kuwapanga kama kwenye kitambaa. Wapi katikati, wapi mabawa. Nikashindwa. Kila mwanamke kijani na nyeupe. Shangazi za mbali, majirani, Mwajuma, mama yangu. Nikimwita mama wanageuka watu wengine.

Hitima ikaisha, watu wakala. Mama mkubwa Hadija akamwanza Mwajuma palepale uani.

"Wewe umekuja kusoma hitima au umekuja kupima vyumba? Tangu asubuhi unatembea na ukuta!"

"Dada, mimi natafuta choo."

"Choo hukijui? Miaka yote uliyokuja kula hapa, ulikuwa unajisaidia kwenu?"

Uani kukapasuka kicheko. Mwajuma akashika njia na kitambi chake, akatokea mlango wa nyuma. Nikapiga makofi. Bawa letu limeshinda! Nikasubiri mama mkubwa aje mbele, aje amsimamie mama. Hakuja. Aligeuka akaingia stoo, alikoweka bibi vyombo vyake.

Huku mbele Mzee Kondo akawa amekohoa. Akasema yeye ni mtu wa serikali, hana upande, anataka tu kusikia kauli ya wenye mali kuhusu ombi la Bwana Fikiri. Wakaitwa wanawake wasogee ukumbini.

Mjomba Shomari akasimama. Sauti ya upole, kama anasoma dua. "Mjumbe, sisi tumeshakaa kifamilia. Tulikubaliana atakayeridhia avae sare niliyoleta, asiyeridhia asivae, ili tusivunjiane heshima mbele za watu. Tazama mwenyewe."

Mzee Kondo akatazama. Kijani na nyeupe mpaka mwisho wa ukumbi.

Mama yangu alikuwa wa mwisho kuelewa. Nilimwona uso unatafuta. Alimtazama mjomba, akatazama nyuma yake, kana kwamba anayeongelewa ni mwingine. "Shomari," akasema, "unasema nini? Mimi sijaridhia kitu. Mimi nimevaa hitima ya mama."

"Lakini mama," Mzee Kondo akamjibu, tena kwa huruma, "mbona umevaa?"

Nikakimbia stoo. Mama mkubwa alikuwa chini, amekumbatia sufuria kubwa la pilau, birika la shaba liko kwapani.

"Mama mkubwa, njoo! Wanauza nyumba!"

"Nakuja, mwanangu. Hili sufuria nikiliacha Mwajuma analirudia."

"Njoo sasa hivi!"

"Nimekwambia nakuja. Shika hiyo mbuzi ya nazi."

Nilirudi nimeshika mbuzi ya nazi. Mama alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, amevua kanga ya kichwani, nywele wazi mbele za wanaume, jambo ambalo sikupata kuliona maishani mwangu. Ameinyoosha mbele kama mtu anayerudisha kitu. "Haya, nimevua. Niandikeni nimevua." Wanaume wakainamisha macho. Shangazi mmoja akamfunika haraka na kanga yake, kwa upendo, na ile ya kumfunika nayo ilikuwa kijani na nyeupe. Fikiri akaomba ipigwe dua ya kufunga.

Tulihamia bondeni Jangwani, chumba cha kupanga, ambako mto Msimbazi kila masika ulituamkia mlangoni. Kitambaa cha vita kilichukuliwa na maji. Mama alichukuliwa na kifua, taratibu. Shule niliiacha darasa la tano nikashika meza yake. Mama mkubwa alikufa na sufuria lake. Mjomba Shomari aliahidiwa fremu ya duka chini ya ghorofa, Fikiri akampa mwingine, na nilipoambiwa sikucheka wala sikulia. Mzee Kondo alizikwa na watu wengi.

Ghorofa lipo. Kivuli chake mchana kinafika kwenye meza yangu, napanga mitumba ndani yake.

Miaka mingi nilidhani kosa letu lilikuwa la mama, kutokuuliza. Wengine nao walimlaumu hivyo: Tatu alikuwa mjinga. Nimekuja kuelewa ukubwani. Mimi nilikaa pale kizingitini natafuta watu wamesimama wapi, nikadhani ukishajua nani yuko bawa gani umejua vita. Kumbe mjomba hakuwa amesimama popote. Alipita katikati yetu amejifunga mshipi wetu, akatufunga sisi wake, na tukamshukuru kwa zawadi. Babu Kanti alinieleza yote, na kidole akaniwekea. Ningekuwa na miaka ishirini ningesikia. Nilikuwa mtoto, nilikuwa natafuta mabaya yenye sura mbaya.

Wiki iliyopita binti wa jirani yangu wa meza aliniletea sare ya harusi yake. Kitenge kizuri, cha njano. Nikampa mkono wa pongezi, sare nikamrudishia. Harusi nitakuja, nikamwambia, nitacheza na nitakula. Akanuna. Nyuma ya mgongo wangu nasikia wanasema yule mama ana maringo.

Nitavaa gauni langu la mtumba. Nililichagua mwenyewe, kwenye robota, na hakuna aliyenipa.